Ndimu Niliyoiacha Mezani

Mpendwa Mama Fausta,

Naomba msaada wako, na kabla hujaanza kunionea huruma naomba usome mpaka mwisho, kwa sababu safari hii aliyeonewa si mimi. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na sita, nakaa hapa Juliaca na binti yangu Yomira mwenye miaka saba, ukurasa wako huwa naukata kila Alhamisi na kuwasomea wenzangu, tunawacheka watu wanaojitafutia balaa kwa mikono yao, na sasa mtu huyo ni mimi. Ukiichapa barua hii tafadhali yabadilishe majina yote, mji wetu ni mdogo kwa mambo ya aina hii.

Kazi yangu ni ukaguzi wa nguo. Iko ofisi Lima inayotoa muhuri kwa kampuni za mavazi, muhuri unaosema kwamba vazi hili halikumwonea aliyelitengeneza wala halikuchafua maji ya mtu, na wanunuzi wa ng'ambo wakiuona kwenye lebo hawaulizi tena. Huku kwetu nyanda za juu za Peru mimi ndiye macho ya ofisi hiyo, kwa sababu nasema Kikechua na najua kufuma. Naingia karakana, naangalia madirisha na vyoo, nakaa na wafumaji bila bosi kuwepo, nainamia mapipa ya rangi, kisha najaza fomu yenye maswali sitini na manne na kutia sahihi yangu. Nimeifanya kazi hii miaka mitano, nimewahi kumnyima muhuri mwanamume aliyenililia mbele ya wafanyakazi wake, nikarudi nyumbani siku ile nimevimba kichwa, nikijiona mimi ndiye ukweli wenyewe unaotembea na mkoba.

Kufuma nilifundishwa na mama mdogo. Mama yangu alifariki nikiwa na miaka minne na mdogo wake ndiye aliyenichukua, akanilea kijijini kwake huko juu, upande wa Lampa, kwenye alpaka, wale wanyama wetu wa sufu, na upepo. Wewe unajua kwamba kila mfumaji ana mkono wake. Mama mdogo hubana mishono, na akifika kwenye shingo ya sweta hurudisha uzi nyuma mara mbili kabla ya kuukata, sijamwona mwingine anayefanya hivyo, ni ufundi alioubuni mwenyewe kwa sababu kidole chake cha shahada kilivunjika utotoni na hakikunjiki. Ukinifunga macho ukanipa masweta mia nitakutolea lake kwa kupapasa shingo tu.

Sasa kuna Nélida. Nélida ana kampuni ya masweta ya alpaka, masweta mekundu mazuri mno, yenye lebo inayosema rangi ni ya asili kabisa na chini yake jina la mwanamke aliyefuma kila moja. Yomira alipofikisha miaka mitatu na tukamkata nywele za kwanza, Nélida ndiye aliyeshika mkasi wa kwanza, akakata kishungi akakilaza kwenye sahani, akamzawadia mwanangu alpaka jike mchanga, na tangu siku hiyo hatuitani majina, ni komadre kwa komadre. Yomira alipougua mapafu nami niko safarini, komadre alikaa naye hospitali siku nne akilala kwenye kiti. Huyo ndiye Nélida, nataka ujue kwamba si mtu mbaya, au mimi sijui tena mtu mbaya anafananaje.

Mwezi wa saba kampuni yake ikaomba muhuri, na ofisi ikanipangia mimi. Swali la tatu la fomu linauliza: je, mkaguzi ana uhusiano wa damu au wa ndoa na mwenye kampuni? Nikaweka alama kwenye Hapana. Mama Fausta, sikuona haya hata kidogo, nilijiambia nimejibu kilichoulizwa. Watu wa Lima walioiandika fomu ile hawakuuliza nani alimkata mtoto wako nywele.

Nikaenda. Karakana inang'aa, wanawake ishirini na wawili wamekaa kwenye viti vipya wanafuma, wote wamevaa sketi za sikukuu. Nani anakwenda kazini na sketi ya sikukuu? Niliona, nikapita. Nikafungua kasha la masweta yaliyo tayari, nikatoa moja, lebo inasema limefumwa na Maruja, na kidole changu kikagusa shingo kabla sijafikiria. Uzi umerudi nyuma mara mbili.

Nikauliza, "Maruja ni yupi?"

Binti mmoja wa miaka kama ishirini akanyanyua mkono. Nikamwomba anifumie mistari miwili mbele yangu, akafuma, mishono imelegea kama kamba ya kuanikia nguo, na masikini akawa mwekundu kuliko uzi alioushika. Komadre alikuwa mlangoni.

"Komadre, chakula kinapoa," akasema. "Sweta halina miguu, utalikuta hapohapo."

Mezani kulikuwa na samaki wa ziwani wa kukaanga, viazi, na kisahani cha ndimu zilizokatwa, na karibu na kiwiko changu kikapu cha uzi mwekundu, nadhani kiliwekwa pale kwa ajili ya picha. Wewe umekulia huku, huhitaji kuelezwa, lakini wasomaji wengine pengine hawajui: uzi uliotiwa rangi ya wale wadudu wa mpungate ukiudondoshea ndimu hugeuka hapohapo, wekundu wake unasogea kwenye uchungwa, na uliotiwa rangi ya unga wa dukani unabaki vilevile kama haujaambiwa kitu. Bibi zetu walifanya hivyo sokoni. Ni tone moja tu. Mkono wangu ukaenda kwenye kisahani, na komadre akautazama mkono wangu.

"Unataka ndimu, komadre?"

"Kidogo."

"Ya samaki?"

Komadre akakichukua kile kisahani taratibu akakipeleka mwisho wa meza. "Huyo nimemtia ndimu mwenyewe jikoni. Kula, bwana! Au umekuja kunikagua mpaka sahani?" Wote wakacheka, mhasibu wake akacheka, na mimi nikacheka, nasikia kicheko changu mpaka leo. Nilimla samaki yule wote, nikamung'unya na mifupa.

Wakati wa kuagana alinishika mikono yote miwili. "Unajua vizuri ni akina nani wanafuma kule juu kwa sababu yangu," akaniambia. "Ukiniangusha mimi, komadre, usidhani naanguka peke yangu." Hakuwa amekasirika, alikuwa na machozi machoni. Nikarudi nyumbani nikajaza fomu: wafumaji wote wapo kwenye orodha, Ndiyo. Rangi ni ya asili, Ndiyo. Nikatia sahihi.

Ningekuwa nimeishia hapo pengine nisingekuandikia, maana kwa wiki mbili nilijidanganya vizuri tu. Lakini Jumapili ya tatu nikapanda kwenda kumsalimia mama mdogo. Mbwa wake Kapitani akaja kunipokea, mama mdogo akaniwekea supu na viazi vikavu, akanitazama kama anavyonitazama siku zote, akitafuta palipopungua.

"Umekonda, mwanangu. Hiyo ofisi yako inakulisha karatasi?"

"Kazi nyingi, mama."

"Kazi! Sisi tulipewa likizo mwezi uliopita, hujasikia?" Akaanza kucheka kabla hajasimulia. "Nélida alituma ujumbe, anakuja mkaguzi kutoka Lima, mtu mkali, hana hata chembe ya huruma, akituona sisi vikongwe tunafumia majumbani atafunga kampuni. Basi wote kumi na mmoja tukajifungia ndani. Mimi na kuku wangu nikawafungia, nisije nikasikia kuku wamenichongea."

"Ikawaje?"

"Ikawaje nini! Nasikia alikula samaki akaondoka." Alicheka mpaka akakohoa, akapiga goti lake kwa ule mkono wenye kidole kisichokunjika, na kiganja ni chekundu mpaka kwenye kifundo. "Mkali gani huyo anayeshindwa na samaki?"

Mama mdogo hajui kwamba naikagua kampuni ya Nélida. Anajua nafanya kazi ya nguo, anawaambia watu nawatetea wafumaji. Nikainama kwenye supu yangu nikala.

Baadaye akanipeleka nyuma ya nyumba. Tangu mwaka jana komadre anawapelekea rangi ya unga kwenye mifuko na wanachemsha uzi wenyewe uani, na maji ya kusuuzia wanayamwaga kwenye kijito kwa sababu hakuna aliyewaambia wamwage wapi. Kijito kilikuwa chekundu kwenye mawe. Akasimama pale amejifunga shali yake, akaniuliza, na sasa nitaandika maneno yake yote kwa sababu nayasikia kila siku:

"Wewe umesoma mambo haya. Huu unga una ubaya? Alpaka wangu wawili wametupa mimba tangu Mei, na wakitoka kunywa midomo imekuwa myekundu. Na sisi wenyewe, chemchemi ya juu imekauka, tunachota hapahapa chini."

Swali la arobaini na moja la fomu yangu linahusu jambo hilohilo. Mimi ndiye mtu wa kuulizwa. Nikafikiria ile fomu yenye sahihi yangu, nikafikiria kwamba nikisema ndiyo atauliza mbona kampuni haikuambiwa, na nikamjibu:

"Hapana, mama. Ni baridi. Mwaka huu baridi imekuwa kali."

"Afadhali," akasema. "Ukisema wewe, moyo unatulia."

Akanipa kofia aliyomfumia Yomira, nyekundu, yenye masikio. Nimeificha kabatini chini ya mablanketi na Yomira anaiulizia kila akitoka kwenda shule, kwa sababu bibi yake alimpigia simu kumwambia anamtumia.

Kamati ya muhuri inakaa tarehe ishirini na tisa mwezi huu. Wakishapitisha, lebo zinachapishwa. Nikisema ukweli kampuni inaweza kufutwa kabisa, ingawa kuna kipengele kwamba kampuni ikijitaja yenyewe kabla ya kamati kukaa hupewa miezi sita kujirekebisha, ila mkaguzi aliyeficha haponi, na wale wanawake kumi na mmoja watakosa kazi kwa ajili yangu, na Yomira atamkosa mama yake wa ubatizo wa nywele, na mimi nitaonekana msaliti kwa watu wote niliokula nao chumvi. Nikinyamaza, kila kitu kinabaki kama kilivyo. Nimejaribu mara tatu kuiandikia kamati. Naanza "Ndugu wanakamati" na kalamu inasimama hapo, sijui sentensi ya pili ni ipi. Naona aibu hata kupita mbele ya duka la ndimu. Niambie la kufanya, na ukinisema sana nitakuelewa.

Ni mimi, mkaguzi aliyekula samaki, Juliaca.

* * *

Mama Fausta anajibu:

Mkaguzi uliyekula samaki,

Uliomba nisikimbilie kukuonea huruma. Ondoa shaka, sikuwa na haraka hiyo.

Kuna jambo hulijui kuhusu mimi. Kabla gazeti hili halijanipa ukurasa, niliuza rangi ya unga sokoni miaka kumi na tisa, napima kwa kijiko cha bati, nyekundu ndiyo iliyokuwa ikitoka zaidi. Nimesomesha watoto wawili kwa unga huo, kwa hiyo usitegemee niuite sumu ya shetani. Sweta la rangi ya unga ni sweta, linampa mtu joto. Lakini niliuza unga kwa jina la unga, na kila mwanamke aliyefunga mfuko wake nilimwambia maji ya kusuuzia asiyamwage mtoni wala kwenye malisho. Wapo walionisikia, wapo waliosema huyu mama ana mdomo. Nilisema. Komadre wako aliwapelekea wanawake wale mifuko bila neno hata moja, na wewe ulipoulizwa uso kwa uso ukasingizia baridi.

Nakuelewa kuhusu komadre. Siandiki kama mtu aliyezaliwa Lima. Mwanamke aliyelala kwenye kiti siku nne akimlinda mwanao anakudai kitu ambacho hakiishi, na kumtazama huyo usoni ukamwambia sitii sahihi ni jambo zito kuliko kumwambia ndugu wa tumbo moja. Ndiyo maana ulipaswa kuikataa kazi hiyo siku uliyopangiwa. Unasema fomu haikuuliza. Fomu haijui nywele za mtoto zinakatwaje kwetu, dada yangu, wewe unajua! Ulipewa kazi kwa sababu unajua yale ambayo fomu haiyajui. Ukajifanya karatasi.

Na sasa nitakusema, kwa sababu umenipa ruhusa. Unaniambia unanyamaza kwa ajili ya wanawake kumi na mmoja watakaokosa kazi. Nimeisoma barua yako kwa miwani na bila miwani. Umeandika mwenyewe, mbiombio, katikati ya sentensi ndefu, kwamba kampuni ikijitaja yenyewe inapewa miezi sita. Kwa hiyo njia ipo ambayo Nélida anabaki na kampuni, wanawake wanabaki na sindano zao, na majina yao yanaingia kwenye orodha. Anayepoteza kwenye njia hiyo ni mmoja tu, naye ni wewe. Jifunike kwa kitu kingine, hiyo shali ya mama mdogo wako mwachie mwenyewe, kule juu kuna upepo.

Nilikasirika zaidi mahali pamoja, na si kwenye muhuri. Muhuri ni karatasi, utafutwa, utaandikwa mwingine. Ni pale kwenye kijito. Mwanamke aliyekulea amekuuliza kama maji anayokunywa yana ubaya, na wewe unayejua umempa jibu la kukulinda wewe, naye akashukuru. Tangu Jumapili ile anakunywa kwa neno lako. Ukiisoma hii Alhamisi asubuhi, mchana uwe Lampa. Usisubiri mwisho wa wiki, usisubiri barua iwe nzuri. Nenda na madumu ya maji safi kwenye gari lolote linalopanda. Mwambie waache kuchota pale chini leo hii, na alpaka wahamishwe upande mwingine hata kama ni kupanda saa nzima. Jaza chupa mbili za maji ya kijito, moja ya maabara ya afya Puno, moja ubaki nayo wewe, na uandike tarehe juu yake. Mimi niliuza unga, sikuwa daktari, sijui kama ndio uliowatoa wale alpaka mimba, na wewe hujui. Sema hivyo: mama, sijui, nilikudanganya, twende tukapime.

Halafu umwambie kwamba mkali kutoka Lima ni wewe.

Hapo hatacheka. Au atacheka, na kicheko hicho kitakuwa kigumu zaidi kukisikia. Kaa hapo mpaka amalize. Usimwombe msamaha mbiombio ili upate kuondoka umepona. Mwachie nafasi ya kukasirika, ana haki nayo. Kisha mwite yeye na wenzake kumi waulizwe wanataka nini, kwa sababu naona watu wawili, wewe na komadre wako, mmewaamulia wanawake hawa kila kitu na hakuna aliyewauliza hata siku moja. Pengine wanataka jina kwenye lebo. Pengine wanataka shimo la kumwagia maji na glavu za kuchovyea uzi. Pengine wanataka kuacha unga warudi kwenye wadudu wa mpungate walipwe kwa kazi hiyo. Waulize, andika, ndiyo kazi yako.

Ukishuka, pita kwa Nélida kabla hujapita posta. Mchana, mlangoni kwake, si kwa simu. Mwambie unaondoa sahihi yako na kwamba ana siku mpaka tarehe ishirini na nane kujitaja mwenyewe, na kwamba uko tayari kukaa naye kuandika hiyo barua yake akitaka. Hapo ndipo unapokuwa komadre. Anaweza kukufukuza. Anaweza kukuuliza kama hivyo ndivyo unavyomlipa zile siku nne za hospitali, na nakwambia mapema, hutakuwa na jibu, mimi mwenyewe nimelitafuta sina. Nyamaza, ila sahihi iondoke. Kuhusu mtoto, nywele zilizokatwa zimekatwa, Nélida ni mama yake wa nywele mpaka kufa hata mkinuniana miaka kumi. Usimtumie Yomira kama kisingizio, ana miaka saba, anachotaka ni kofia.

Na kofia mtolee. Iloweke kwenye maji ya vuguvugu yenye siki, suuza mpaka maji yatoke meupe, uyamwage chooni si mtaroni, ikauke kivulini, avae. Bibi yake ameifuma kwa mikono yake na haijamkosea mtu.

Ofisi itakufukuza, nadhani, na itakuwa sawa. Unajua kufuma, hutakufa njaa.

Limebaki moja. Uliniomba nibadilishe majina, nimebadilisha. Komadre nimempa jina jingine, mwanao nimempa jingine, yule binti wa karakana naye, hata mbwa nimembadilisha, maana mbwa wa Lampa nao wana watu wanaowajua. Nikafika kwa mama mdogo, nikatafuta jina lake ili nalo nilibadilishe, nikarudi juu ya barua, nikaisoma tena yote. Halimo. Kwenye orodha ya kampuni halimo, kwenye lebo kuna la mwingine, kwenye maswali yako sitini na manne halimo, na hata kwangu ulipokuja kulia hukulitaja. Unasema ukishaandika "Ndugu wanakamati" hujui sentensi ya pili ni ipi. Ni jina lake. Liandike lote, na la baba yake na la mama yake, kisha sema amefuma nini.